Korongo weupe wameshuka malishoni: watazame kabla hawajarudi Ulaya

Wiki mbili hizi maswali mengi ninayoulizwa njiani hayahusu mbolea wala mbegu. Yanahusu ndege. "Bwana shamba, wale ndege wakubwa weupe walioshuka kule malishoni wametoka wapi? Wanakula ngano? Wanaliwa?" Swali la tatu ndilo lililonikalisha chini leo niandike, maana nimeulizwa na watu watatu tofauti, na mmoja wao ni mfanyabiashara ambaye tayari alikuwa amepiga hesabu ya bei.

Ndege hao ni korongo weupe. Sisemi korongo lile la maji linalokula shamba lako kila masika, ambalo nimeliandikia mara nyingi na nitaliandikia tena. Nasema korongo ndege, yule mwenye miguu mirefu na mdomo mrefu. Huku Hanang tunao korongo wa aina kadhaa na watu huwachanganya, kwa hiyo tuwatenganishe kwanza.

Korongo mweupe ana kimo cha mita moja au zaidi kidogo. Mwili wote ni mweupe, ila manyoya ya nyuma ya mabawa ni meusi kabisa. Mdomo na miguu ni myekundu. Akitanua mabawa yanakaribia mita mbili, na akiruka hunyoosha shingo mbele kama fimbo. Hapo ndipo utamtofautisha na yangeyange anayefuata ng'ombe: yangeyange ni mdogo, mdomo wake ni wa njano, na akiruka hukunja shingo. Kuna korongo mwingine mweupe mwenye mdomo wa njano, lakini huyo utamkuta zaidi majini akichokoa samaki na vyura. Yule mwenye kipara anayeshinda kwenye machinjio na jalala humhitaji bwana shamba kumtambua. Halafu yupo korongo mdogo, mweusi mgongoni na mweupe tumboni, ambaye mara nyingi huchanganyika na hawa weupe katika kundi moja. Huyo naye ni msafiri, ila safari yake ni ya humu humu Afrika. Huzaa kwenye ukanda wa Sudan na Ethiopia, kisha huja kwetu akifuata mvua.

Korongo mweupe ametoka mbali zaidi. Amezaliwa Ulaya, juu ya paa la nyumba au nguzo, kwenye vijiji vya wakulima kama wewe. Wenyeji wa huko huweka hata jukwaa la mbao juu ya paa ili ajenge kiota chake cha vijiti, na jozi hurudi kwenye kiota kile kile mwaka baada ya mwaka. Mwezi wa Agosti wanaondoka. Wale wa upande wa magharibi hupita Gibraltar kwenda Afrika Magharibi. Wale wa mashariki, ambao ndio wageni wetu, hupita Istanbul, wakashuka Lebanoni na Sinai, wakafuata Mto Nile mpaka Sudan, kisha Afrika Mashariki, na wengi huendelea hadi Afrika Kusini. Mwezi wa Februari wanageuza. Kule kwao majira ya kuchipua yanakaribia, theluji inayeyuka, vyura na minyoo wanatoka ardhini, na kila jozi inataka kuwahi kiota chake. Kwa hiyo hawa unaowaona sasa hawaji. Wanarudi. Kutoka hapa kwetu mpaka Poland, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 6,000, na wao hawaendi kwa mstari ulionyooka.

Sababu ya kuzunguka ni hewa. Korongo ni mzito, kilo tatu hivi, na hawezi kupiga mabawa siku nzima kama njiwa. Anategemea hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini jua likishakolea. Anaingia ndani yake, anazunguka na kupanda bila kupiga bawa, halafu anateleza mbele mpaka aipate nyingine. Juu ya bahari hewa ya namna hiyo haipandi, ndiyo maana anaikwepa Bahari ya Mediterania na kuizunguka kwa nchi kavu. Ukilijua hili, umejua pia saa za kumtafuta. Saa moja mpaka saa tatu asubuhi bado yuko chini, anatembea polepole akila. Kuanzia saa nne hivi, inua macho: utaona kundi linazunguka kama vumbi jeupe na jeusi juu ya uwanda, likipanda bila sauti. Hana sauti ya kuimba wala kulia. Kwenye kiota hugonganisha mdomo kwa kelele, lakini safarini ni kimya kabisa. Jioni, kuanzia saa kumi, kama amepata mahali penye chakula hushuka tena.

Katika daftari langu, miaka mingi makundi makubwa hupita kwetu kati ya wiki ya mwisho ya Februari na katikati ya Machi. Mwaka wenye wadudu wengi hukaa siku kadhaa. Mwaka mkavu utawaona juu kwa juu tu, na mtu asiyeinua macho atakuambia mwaka huu hawakupita.

Watazame, kwa sababu si ndege wa kawaida kama tunavyodhani tukiona mia moja kwa mpigo. Uswisi walitoweka kabisa ilipofika mwaka 1950, ikabidi warudishwe kwa kazi ya miaka mingi. Sweden jozi ya mwisho ilizaa 1954. Uingereza, mwaka 2020, vifaranga waliototolewa porini huko Knepp walikuwa wa kwanza kuandikwa nchini humo tangu mwaka 1416. Mabwawa yalikaushwa yakawa mashamba, nyaya za umeme zikawaua, na ukame wa Sahel ukawakatia chakula njiani. Katika baadhi ya nchi wameongezeka tena, lakini safari ya kila mwaka inawapitisha kwenye mikono mingi, nayo mikono yetu imo.

Zamani watu wa Ulaya hawakujua ndege hawa wanakwenda wapi wakati wa baridi. Wako waliosema ndege hulala chini ya maji au kwenye matope. Mwaka 1822, karibu na Klütz kaskazini mwa Ujerumani, alipigwa korongo aliyekuwa na mkuki umemchoma shingoni, urefu wa karibu sentimita 80, na mti wake ulikuwa wa Afrika. Ndege alikuwa ameruka nao mpaka nyumbani. Amekaushwa na bado yuko Chuo Kikuu cha Rostock. Mimi humfikiria sana yule mtu aliyeurusha mkuki ule. Yawezekana alikuwa na njaa tu, akarudi nyumbani mikono mitupu, asijue kamwe kwamba wataalamu wa nchi nyingine wangepata jibu lao kutoka kwenye mkuki wake.

Sasa turudi shambani, kwa swali la kama wanakula ngano. Hawali. Korongo mweupe hali nafaka wala majani. Anakula panzi, nzige, mende, panya, vyura, nyoka wadogo, na hasa viwavi. Afrika Kusini wamempa jina la ndege wa nzige. Kwa hiyo ukimwona katikati ya ngano yako usimrushie jiwe. Jiulize anachookota ni nini.

Mwaka juzi mzee mmoja wa kata yetu, mfugaji, alinipigia simu akitaka nije na mtu mwenye bunduki. Korongo kama sitini walikuwa kwenye malisho yake siku ya pili, na majani yalikuwa yanapungua. "Wanamaliza nyasi za ndama wangu, bwana shamba," aliniambia. Nikamwomba, "Mzee wangu, tuingie kwanza tuone." Tuliingia ndege wakasogea kando, tukachutama, tukapangua majani. Chini palikuwa pamejaa viwavijeshi, wengine bado wa kijani, wengi wameshaanza kuwa weusi mgongoni. Mzee alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe mwizi ni huyu." Umbali wa mita mia tatu hivi palikuwa na mahindi ya jirani yake yaliyofika magotini.

Hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu wako wanaopenda kuhubiri kwamba ndege watakulindia shamba. Korongo sitini hawawezi kumaliza mlipuko wa viwavijeshi. Viwavi katika mlipuko huhesabika kwa mamilioni. Faida ya korongo ni kwamba anaona kabla yako. Anapita juu, anashuka palipo na chakula, na wewe uliye chini unapata taarifa bure siku kadhaa kabla mahindi hayajaguswa. Siku hizo ndizo zenye thamani. Kiwavijeshi huishi kama kiwavi wiki mbili hadi tatu, na sehemu kubwa kabisa ya ulaji wake ni siku za mwisho, akiwa amenenepa. Ukimkuta mdogo, dawa kidogo inatosha. Ukimkuta mkubwa, mara nyingi umeshachelewa, na hata ukimpulizia utakuwa unamuua aliyekwisha kushiba. Baada ya hapo anaingia ardhini na kugeuka nondo, nondo wanaruka na upepo usiku, na mlipuko unaibuka kwingine. Milipuko ya mwanzo wa msimu hujulikana kuanzia Tanzania na Kenya, kisha nondo husambaa kuelekea Uganda, Ethiopia, hata Yemen. Wanaelekea kaskazini, kama korongo wenyewe.

Ukiona kundi la korongo limeshuka mahali pamoja na halisogei, fanya tulivyofanya siku ile. Ingia asubuhi, pangua nyasi, angalia shina na udongo. Ukikuta viwavi, waambie majirani siku hiyo hiyo na umwambie afisa ugani wa kata yako. Kagua mahindi, mtama, uwele, ulezi na ngano, kwa sababu kiwavijeshi huyu anapenda mimea ya jamii ya nyasi. Maharage na alizeti kwa kawaida huviacha. Kwa mzee yule hatukupulizia malisho. Tulipulizia ukanda wa pembeni ya mahindi ya jirani, upande ambao viwavi walikuwa wanakuja, kwa kiuatilifu kilichosajiliwa na TPHPA, na tukawaacha ndege waendelee na kazi kwenye nyasi. Malisho yalichakaa kidogo lakini yaliota tena mvua iliponyesha, na mahindi yalipona isipokuwa mistari michache ya ukingoni.

Msichanganye huyu na kiwavijeshi vamizi, aliyeingia Afrika 2016 na kufika kwetu mwaka uliofuata. Vamizi anajificha ndani ya moyo wa mhindi, korongo hamfikii, na utamjua kwa madoa manne meusi yaliyopangika mraba karibu na mkia. Kwa huyo usisubiri ndege, kagua shamba mwenyewe. Wilayani Kilosa, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakulima walifundishwa kutabiri milipuko ya kiwavijeshi wa asili kwa mtego wa nondo dume na kipimo cha mvua. Kijiji kinachoweza kupata mtego na kipimo kivipate, vina uhakika kuliko ndege. Kisichoweza, macho yapo.

Sasa nije kwako mfanyabiashara. Kijana mmoja anayenunua kuku wa kienyeji vijijini na kuwapeleka mnadani alinifuata akiwa na hesabu kamili. "Ndege mmoja kilo tatu, bwana shamba. Kuku wangu hata kilo mbili hafikishi. Na hawa hawana mwenyewe." Alikuwa ametoka duka la pembejeo kuomba sumu ya punje ili achanganye na dagaa. Mama mwenye duka alimnyima, akamwambia dawa yake ni ya mimea na si ya mboga.

Mama yule alifanya kazi kubwa kuliko semina zangu zote za mwaka huo. Kule Bunyala, magharibi mwa Kenya, kwenye mashamba ya mpunga, watu walikuwa wakitega korongo wa aina nyingine kwa konokono waliopakwa karbofurani, kisha nyama inauzwa na kuliwa. Sumu hiyo inashika mishipa ya fahamu ya ndege, na ya binadamu ni ile ile. Dalili zake ni jasho, mate mengi, kutapika, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, na pumzi kukata. Kutoa matumbo na kuchemsha hakukuhakikishii kwamba imeisha. Ukimwona mtu ana dalili hizo baada ya kula, mkimbize kituo cha afya na ueleze alichokula, usione aibu. Na hata bila sumu, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haikuruhusu kuwinda, kununua wala kukaa na nyama ya ndege wa porini bila kibali. Usemi wa "hawana mwenyewe" hautakusaidia mbele ya hakimu.

Alinyimwa duka lile, lakini maduka ni mengi. Siku nne baadaye korongo wawili walikutwa wamekufa kando ya bwawa, na mpaka leo hakuna aliyesema ni nani aliyetega. Nilipofika, mmoja alikuwa ameshaokotwa. Nilimkuta mama mmoja uani kwake anamnyonyoa, maji yako jikoni, watoto wanne wamezunguka. Nilimweleza kuhusu sumu. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kunyonyoa, kisha akaniuliza, "Sawa, bwana shamba. Na hawa leo wale nini?"

Semina ya ugani haina jibu la swali hilo. Jirani yake aliyekuwa amesimama mlangoni ndiye aliyejibu. Aliondoka bila kusema neno, akarudi na unga na maharage kwenye beseni. Ndege tukamzika pamoja na mwenzake, shimo la kufika kiunoni ili mbwa wasifukue, na mikono tukanawa kwa sabuni mara mbili. Yule kijana wa kuku alikuwepo. Yeye ndiye aliyechimba. Sikumuuliza kitu.

Mguuni kwa mmoja wao palikuwa na pete ya chuma. Mtoto wa yule mama alikuwa ameshaivua na kuivaa kidoleni. Ilikuwa na herufi, namba na neno Poland. Wakubwa waliosimama pale walianza kunong'ona kwamba hiyo ni mitambo ya kutupeleleza. Hatuko peke yetu. Mwaka 2013 huko Qena, Misri, korongo aliyefungwa kifaa na wataalamu wa Hungary alikamatwa akiwekwa chini ya ulinzi kama jasusi. Walipogundua ni kifaa cha kufuatilia safari za ndege walimwachia, na muda mfupi baadaye akaliwa na watu wengine. Pete ya mguuni haina hata betri. Ni kama hereni ya ng'ombe: inaonyesha alikotoka na namba yake, basi.

Ukiikuta, andika herufi na namba zote jinsi zilivyo, ipige picha, andika tarehe na mahali, kisha peleka taarifa kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Kama ndege ni mzima usimkamate ili usome. Yule mtoto aliniuliza kama kuna pesa. Nikamwambia hakuna pesa, kuna jibu. Jibu lilichukua miezi mingi, na nilipolipata nilikwenda kumsomea mwenyewe: ndege wake alivalishwa pete akiwa kifaranga, kwenye kiota kijijini, miaka mitano kabla. Alifanya hesabu kwa vidole, akasema basi alikuwa ameshapita hapa mara kumi. Nilimwambia pengine si mara zote, maana kijana wa korongo huweza kukaa Afrika mwaka mzima bila kurudi. Hakupenda kupunguziwa.

Kwa wiki hii, anayetaka kuwaona aende uwanda wa kuelekea Basotu au malisho yaliyo chini ya bwawa letu. Kaa mbali, hatua mia mbili hivi, na usiwakurupushe asubuhi, kwa sababu kila wakiruka bila hewa ya moto wanapoteza nguvu wanazozihitaji njiani. Kuhesabu kundi kubwa, hesabu kumi kwanza, uone kumi wanachukua nafasi gani, halafu pima kundi lote kwa nafasi hiyo. Weupe andika peke yao, weusi wadogo peke yao. Andika pia walikuwa wanaokota nini.

Jumamosi saa moja na nusu asubuhi nitakuwa kwenye ukingo wa bwawa, upande wenye migunga. Atakayekuja aje na daftari. Mbwa wabaki nyumbani.